"Kijana Wetu, Tutamwona"

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mwanza kaniandikia. Kuna kampuni inataka aipigie picha za bidhaa bure, eti "tutakutangaza kwenye ukurasa wetu". Akubali? Nikamjibu hapana, akaniona mchoyo. Basi ngoja niseme yote.

Harusi ya binamu yangu, Tabata, nilikuwa kwenye kamati. Daftari la mweka hazina lilikuwa wazi mezani: ukumbi una bei yake, chakula kina bei yake, MC, mapambo, keki, mpaka matarumbeta. Kwenye mstari wa picha pameandikwa kwa penseli: "kijana wetu, tutamwona". Kijana wetu ndiye mimi. Nilianza kupiga picha saluni asubuhi, nikamaliza maharusi wanapanda gari usiku wa manane, kisha nikakesha nikihariri. Betri, kadi, diski, nauli, vyote mfukoni mwangu. Watu wa matarumbeta walishika chao taslimu kabla hawajapuliza. Hadi leo sijaonwa. (Shangazi, kama unasoma hapa, shikamoo.)

Simu zilikuja kweli, wateja wakaongezeka, ila kila mmoja alikuja na neno lilelile: "Si ndiye uliyempigia fulani bure?" Kibaya zaidi, mwenzangu wa Segerea, anayesomesha watoto kwa kamera, kamati nyingine ilimshusha kutoka laki 8 hadi laki 3. Waliniambia wenyewe walivyombana: wapo vijana wanaopiga kwa sahani ya pilau. Kijana wa pilau walikuwa wanamsema mimi.

Leo sishiki kamera bila malipo ya awali, na mjumbe mmoja wa kamati ile ya Tabata kanilipa mwezi uliopita bila kupunguza hata senti. Jamani, tuheshimu kazi zetu! Usipojipangia bei utapangiwa, na jirani yako naye atapangiwa.

Ukitaka kumsaidia mtu kwa moyo, msikiti, kanisa, mgonjwa, mwandikie ankara ya bei kamili, chini yake uandike punguzo la asilimia 100. Ajue amesamehewa kiasi gani. Kampuni ya Mwanza haimo humo. Mdogo wangu, watumie bei, nusu iingie kabla kamera haijatoka kwenye begi, na wakikukata kodi ya zuio ya asilimia 5 (kodi ambayo anayekulipa huikata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini), dai cheti chake.