Maswali ya Wasomaji: Vikundi vya Kusaidiana Kufikia Malengo

*Salaam aleikum wahariri. Napika mahamri na viazi karai hapa Kisauni, Mombasa, na nia yangu ni kuuza kwenye ofisi za mjini. Nimeshaingia vikundi viwili vya akina mama wa kutiana moyo. Cha kwanza kilikufa mwezi wa pili tangu kianze. Hiki cha sasa tuko kumi na nne: tunakutana, tunacheka, tunaombeana dua, kisha kila mtu kwao. Biashara yangu iko palepale. Kosa ni langu au ni la kikundi? – Msomaji, Kisauni*

Waaleikum salaam, dada yetu. Kosa ni la hesabu kwanza. Watu kumi na nne wakigawana saa moja na nusu, kila mmoja hapati hata dakika saba, na hapo salamu na chai hazijatolewa. Kikundi cha malengo kinataka watu watano. Sita ndio mwisho. Wakiwa watatu, mmoja akiugua na mwingine akisafiri, hakuna kikao.

Kwa watano, dakika 75 zinatosha: tano za kufungua, 12 za kila mtu, na kumi za kufunga. Katika zile 12, mbili ni za kusema ahadi ya wiki iliyopita imetimia au haikutimia, tatu za kueleza ulipokwama, tano za wenzako, na mbili za kuandika ahadi mpya. Awepo mtunza saa, simu iwe mezani na alamu ilie. Zamu ikiisha imeisha, hata kama mazungumzo ndiyo kwanza yanakolea.

Zile dakika tano za wenzako ndizo huharibika zaidi. Mtu hajamaliza sentensi, keshapewa ushauri wa mambo aliyoyafanya mwaka jana. Basi dakika mbili za mwanzo ziwe za maswali matupu: umejaribu nini? Nani mwenye neno la mwisho katika ofisi ile? Walipokukatalia walisemaje? Ushauri ufuate baadaye, na kwa kawaida utakuwa mfupi kwa sababu majibu yenyewe yameshaonyesha njia.

Ahadi nayo iwe na kitendo, siku na ushahidi. "Nitatia bidii kwenye biashara" hakuna anayeweza kuikagua. Andika hivi: "Kufikia Jumatano saa sita mchana nitakuwa nimepeleka mahamri sita ya kuonja kwenye kila ofisi kati ya ofisi tatu za Moi Avenue, na nitatuma picha ya ukurasa wa daftari wenye jina la aliyepokea." Hukuahidi kupata oda, kwa kuwa oda iko mikononi mwa mteja. Umeahidi kupeleka, na kupeleka ni kwako wewe. Wengi huahidi matokeo, yasipokuja wanaona haya na kuacha kuhudhuria.

Ahadi ikikosa kutimia wiki mbili mfululizo, msimgombeze mtu, ipunguzeni: ofisi tatu ziwe moja. Ikikosa mara ya tatu, ulizeni kama lengo lenyewe ni la kwake au amewekewa na mume, mzazi au jirani.

Kuhusu kufa mwezi wa pili, angalieni sana chakula. Mwenyeji wa kwanza hutoa chai na mahamri, wa pili anaongeza sambusa, wa tatu anapika biriani, wa nne anatafuta udhuru. Wekeni sheria ya kahawa na maji, basi. Uratibu nao uzunguke kila wiki, maana mwanzilishi akiubeba peke yake, siku akichoka kikundi kimechoka. Na pangeni mzunguko wa wiki 12 wenye mwisho unaojulikana, ili anayetaka kutoka atoke kwa heshima.

Hao kumi na nne usiwaache, wanakupa udugu. Chagua wanne miongoni mwao mkutane kando. Mwenye cherehani, anayesomea mtihani na mwenye duka wanaweza kukaa na wewe vizuri. Anayeuza mahamri kwa ofisi zilezile, hapana: kila mmoja atamficha mwenzake bei na wateja.

*Nafanya kazi ya hoteli Bamburi, zamu zinabadilika kila wiki, na mwenzangu mmoja anaishi Likoni, ng'ambo ya feri. Kukutana ana kwa ana hatuwezi. Tuache? – Msomaji, Bamburi*

Msiache. Pigeni simu ya pamoja ya WhatsApp, sauti bila video. Inakula data kidogo, na anayengoja feri anaweza kushiriki akiwa na visikizi. Siku iamuliwe ratiba ya zamu ikitoka, isiwe "tutaona". Saa mbili usiku huwafaa wengi kwa kuwa Isha imeshaswaliwa. Asiyeweza kabisa atume sauti ya dakika mbili kabla ya kikao: nimefanya nini, nimekwama wapi, naahidi nini.

Kwa mtu wa zamu, ahadi ya "kila siku saa kumi na mbili" haishiki. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna ya "likitokea hili, nitafanya lile", na namna hiyo inakufaa: "Nikitoka zamu, kabla ya kupanda matatu nitasoma kurasa kumi." Zamu ihame itakavyo, ahadi inaifuata.

*Kikundi chetu Changamwe kimeanza kutoza faini ya kuchelewa, na sasa watu wanataka tukopeshane. Ni sawa? – Msomaji, Changamwe*

Ndugu yetu, faini ina hatari yake. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wa vituo 10 vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli. Vituo vilivyowatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto viliona wachelewaji wakiongezeka, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Mzazi akishalipa anaona ameshanunua ruhusa. Dawa bora ni kuanza kwa saa na wale waliopo, na aliyechelewa azungumze mwisho.

Mkopo ndio tunaoukataza waziwazi. Mwenye deni hukwepa kikao, na anayemdai hawezi tena kumuuliza kwa moyo safi kwa nini ahadi yake haikutimia. Mkitaka chama cha akiba, kiwe na daftari lake, mwekahazina wake na siku yake nyingine, na asiyetaka kuingia asilazimishwe.

*Mji wa Kale tunajuana sote. Nikisema nataka kuacha kazi ya mjomba nifungue karakana yangu, kesho habari iko barazani. Nitasemaje? – Msomaji, Mji wa Kale*

Hofu yako ina haki. Tafuta wenzako nje ya mtaa, Tudor au Mikindani kwa mfano, watu wasiomjua mjomba. Kikao cha kwanza kubalianeni kwa sauti, mmoja mmoja, kwamba mtu anaweza kusimulia mambo yake nje lakini si ya mwenzake, hata bila kutaja jina, maana katika mji huu jina hujulikana bila kutajwa. Picha za daftari zisisambazwe. Kisha anza na jambo dogo, kama bei ya vifaa vya karakana. Usilitaje jambo la mjomba kabla ya wiki ya nne. Dogo likivuja, utakuwa umewajua kwa gharama ndogo, nawe ondoka bila ugomvi.

*Je, lazima tujisajili? – Msomaji, Mtwapa*

Watu watano wanaokutana kuulizana kuhusu malengo yao hawahitaji cheti. Usajili unakuja mkitaka akaunti ya benki ya kikundi au fedha za umma kama Uwezo Fund, inayotoa mikopo kwa vikundi vilivyosajiliwa. Hapo muanzie ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu, mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za kikao mlichochagua viongozi.