Aliiomba Sodoma au aliiombea Sodoma?

Msomaji ameuliza: "Mwalimu, kwenye grupu la jumuiya yetu mtu kaandika Ibrahimu aliiomba Sodoma, mwingine kamrekebisha kwamba aliomba kwa ajili ya Sodoma, mimi nikasema aliiombea. Nani yuko sahihi? Na maombi na maombezi si kitu kimoja?"

Wewe uko sahihi ndugu yangu, na huyo wa pili hajakosea ila kazunguka tu. Wa kwanza ndo kateleza, maana ukimuomba mtu yeye ndo wa kukupa, ukiomba kitu ndo unachokitaka, sasa "aliiomba Sodoma" inasikika kama alitaka apewe mji. Ile -e- ndogo ndani ya "ombea" ndo inabeba anayesaidiwa. Angalia Mwanzo 20, mstari wa 7 mfalme Abimeleki anaambiwa kuhusu Ibrahimu "atakuombea", halafu wa 17 "Ibrahimu akamwomba Mungu", yaani tendo ni lilelile ila mmoja anaombwa na mwingine anaombewa. Na tafadhalini tuache "tumuombee kwa ajili ya mgonjwa", kazi imeshafanywa na -e-, semeni tumuombee mgonjwa basi.

Maombi yametoka kwenye omba, maombezi kwenye ombea, kama vile tembea inavyozaa matembezi na pokea mapokezi. Kwa hiyo ukijiombea ada ya shule hayo ni maombi, maombezi lazima awepo mwingine unayemsimamia.

Ila mimi hapa kuna neno nalipenda zaidi, tetea. Teta ni kugombana kwa maneno, tetea ni kugombana kwa niaba ya mtu, na ndo tunapata mtetezi, pacha wa mwombezi. Sasa rudi Mwanzo 18 usome taratibu, Ibrahimu pale halii wala hasemi wahurumie tu, anashusha hesabu ya wenye haki wanaotosha mji usiangamizwe, kutoka 50, 45, 40, 30, 20 mpaka 10 na hoja yake ni ya kesi kabisa: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Anamdai Hakimu haki yake Hakimu mwenyewe! Hata Kiebrania hapo hakijatumia kile kitenzi cha kuomba kilichopo sura ya 20, kinasema tu alikaribia, neno lilelile la Yuda alipomkaribia Yusufu kule Misri kumtetea Benyamini. Kwa hiyo ukiandika Ibrahimu aliitetea Sodoma mimi nakupa maksi zote.

Na hiyo -e- msiidharau, Yeremia 7:16 anaambiwa "usiwaombee watu hawa". Itoe uandike "usiwaombe" uone, inakuwa Mungu anamkataza nabii asiwaombe watu chochote, wakati kilichokatazwa ni kusimama kati yao na hukumu, kuomba kwenyewe Yeremia hakukatazwa.