Video ya gizani si rundo la picha

Kazi ya kwanza niliyoiharibu kwa akili mnemba ilikuwa video ya harusi. Umeme ulikatika wakati wa zawadi, jenereta likagoma, na mpiga video akaendelea kurekodi kwa tochi za simu za wageni. Nikachukua modeli ya kung'arisha picha iliyokuwa ikisifiwa, nikaipitishia fremu, yaani picha zinazounda video, moja moja, nikafungua tano sita nizikague. Safi kabisa. Nikaziunganisha, nikachezesha. Ukuta wa nyuma ukawa unapumua: mweupe, kijivu, mweupe tena, kama taa yenye waya uliolegea.

Mdogo wangu unayeanza, na wewe utapita hapo hapo. Modeli ya picha haijui kwamba fremu ya 12 na ya 13 ni ndugu. Kila moja inaikadiria upya, na tofauti ambayo huioni kwenye picha iliyosimama, jicho huinasa mara moja video ikicheza. Mimi siku hizi nafanya hivi: nachukua mstari mmoja wa pikseli, zile nukta zinazounda picha, ule ule, kutoka kila fremu, halafu naipanga mistari hiyo juu kwa chini iwe picha moja. Mahali palipotulia hutoka rangi laini isiyokatika. Panapochezacheza hutoka milia kama ya kikoi. Ukiona kikoi, kazi bado.

Ila usikimbilie kuilaumu modeli. Niliwahi kupoteza wiki nzima na video ya kibanda cha chipsi chenye taa ya tyubu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa ya namna ile hupepesa mara mbili kwa kila wimbi, kwa hiyo mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga wa fremu moja) ya 1/60 ya sekunde, fremu moja hupata mwanga mwingi kuliko jirani yake, na mdundo hujirudia kila baada ya fremu tatu. Dawa yake ilikuwa shata ya 1/50 au 1/100 siku ile ya kurekodi. Nilikuwa naifundisha kompyuta kurekebisha kosa la kidole changu.

Halafu kuna chenga, zile punje zinazorukaruka kwenye video ya gizani, na hapa ndipo kazi ilipo. Mwanga hufika kwenye kihisio cha kamera kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja. Pikseli inayopokea fotoni 100 kwa wastani hupanda na kushuka kwa takriban 10. Inayopokea 4 hupanda na kushuka kwa 2, yaani nusu nzima ya mwanga wake. Ukizidisha mwanga mara 20, chenga nazo umezizidisha mara 20. Kukusanya fremu nne na kuchukua wastani hupunguza chenga kwa nusu, ndiyo maana modeli nzuri ya video hupewa fremu jirani kadhaa kwa pamoja. Tatizo ni mkono wa anayecheza muziki: ukiuchukulia wastani unabaki mzimu wa vidole.

Hata data ya kufundishia inasumbua kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2018 Chen Chen na wenzake walifundisha modeli kwa jozi za picha ghafi, yaani kama zilivyotoka kwenye kihisio: moja ya gizani, nyingine ya mahali pale pale shata ikiwa imeachwa wazi sekunde 10 hadi 30. Nani atasimama sekunde 30 bila kutikisika? Mwaka uliofuata Jiang na Zheng waliweka kamera mbili zinazotazama kupitia kioo kimoja kinachogawa mwanga, mojawapo ikiwa na kichujio cheusi. Wewe huna kioo hicho, wala mimi. Tunachukua video ya mchana, tunaitia giza na chenga za kutengeneza. Lakini zipime kwenye kamera yako mwenyewe: funika lenzi urekodi sekunde chache, kisha rekodi ukuta mweupe kwa viwango tofauti vya mwanga. Na usiitie giza video kabla hujairudisha kwenye thamani zinazolingana na mwanga halisi. Mimi niliruka hatua hiyo, nikapata modeli inayojua giza la kompyuta tu.

Kwa laptopu ya kawaida, Zero-DCE, modeli ya kung'arisha picha za gizani ya mwaka 2020, inafaa kuanzia. Ni nyepesi na haihitaji jozi. Ila soma kanuni zinazoiongoza wakati wa kujifunza: mojawapo huvuta wastani wa mwanga wa kila kipande cha pikseli 16 kwa 16 kuelekea 0.6, kwenye mizani ya 0 hadi 1. Sasa fikiria kipande hicho ni shavu la mtu mweusi, usiku. Mama wa bibi harusi aliitazama ile video ya harusi dakika moja tu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona umetupaka majivu?" Sikuwa na jibu. Namba zangu za PSNR, kipimo cha jinsi picha inavyokaribiana na ile inayolengwa, zilikuwa nzuri.

Nikaishusha ile 0.6, nikaifundisha modeli upya kwa fremu za usiku zenye sura zetu, ukuta nikauacha gizani. Zikabaki nyuso zenye mwanga wa tochi na kitenge cha shangazi kinachong'aa upande mmoja. Mama akaitazama hadi mwisho, akaomba nimrudishie pale anapocheka.