Namtaja William Henry Hunt

Mhariri ameuliza wiki hii: ni mtumishi gani wa serikali, wa nchi yoyote, aliyestahili cheo kikubwa kuliko alichopewa? Mimi namtaja William Henry Hunt, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani Tennessee mwaka 1863.

Alianzia kazi huku kwetu Bahari ya Hindi, bandarini Tamatave, Madagaska, chini ya balozi mdogo wa Marekani, Mifflin Gibbs, naye mweusi. Mwaka 1901 Hunt akarithi kiti chake, na mwaka 1904 akamwoa Ida, binti wa Gibbs.

Mwaka 1906 akahamishiwa Saint-Étienne, mji wa Ufaransa wa makaa ya mawe, bunduki na utepe wa hariri. Akakaa miaka ishirini. Mwenye kiwanda akitaka kupeleka utepe Marekani, alihitaji ankara iliyothibitishwa na balozi mdogo, la sivyo mzigo ungekwama forodhani. Hunt aliipitia, akatia saini na kugonga mhuri, kisha akageukia ripoti ya biashara ya kupeleka Washington. Kazi ya subira, na aliifanya vizuri.

Kwa nini hakupanda? Sioni sababu nyingine ila rangi yake. Wizara ya nje iliwapa weusi vituo vichache tu, hasa Haiti na Liberia, na Ulaya kwa nadra sana. James Weldon Johnson, Mmarekani mweusi mwenzake aliyekuwa balozi mdogo Venezuela kisha Nicaragua, aliacha kazi mwaka 1913 alipoona njia imezibwa. Hunt alibaki.

Ida naye hakukaa kimya. Mwaka 1919 alishirikiana na W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mweusi wa Marekani, katika Mkutano wa Pan-Afrika, wa kutetea haki za watu weusi, jijini Paris, uliojadili hatima ya makoloni ya Ujerumani, na Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo. Serikali iliyomwajiri mumewe iliwanyima pasipoti Wamarekani weusi kadhaa waliotaka kuhudhuria. Ida tayari alikuwa Ufaransa.

Ofisi ya Saint-Étienne ilipofungwa, Hunt alipelekwa Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi, kisha visiwa vya Azores vya Ureno. Kwa maoni yangu, alistahili kuwa mwakilishi mkuu wa nchi yake Monrovia, Liberia, au Port-au-Prince, Haiti, tangu miaka ya 1910, angali na nguvu zake. Monrovia alifika kweli, mwaka 1931, akikaribia umri wa miaka 70. Walimpa ukatibu wa ubalozi.