Konzo: kipimo gani cha damu cha kuomba Bukavu?

Dada, umeuliza damu ipimwe nini ili kuthibitisha konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwa mtoto wa Burhinyi, kijijini Kivu Kusini, aliyekakamaa miguu ghafula. Kipimo hicho hakipo. Konzo hutambuliwa kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 1996: mwendo uliokakamaa miguu yote miwili, ulioanza ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, usiozidi baada ya hapo, goti au kifundo kikigongwa huruka kupita kiasi, na uti wa mgongo hauna ugonjwa.

Damu inaonyesha tu kama sumu ya muhogo mchungu imepita mwilini. Sumu hiyo ni sianidi. Usilipie kipimo cha sianidi yenyewe, inatoweka upesi mno. Omba tiosianati. Ini huigeuza sianidi kuwa tiosianati kwa salfa itokayo kwenye protini, kisha figo huitoa kwa siku kadhaa. Hapo ndipo namba inapodanganya. Mtoto aliyefika mjini wiki tatu baadaye, fufu (ugali wa muhogo) ya kijijini ameshaiacha, atapata jibu la kawaida na konzo anayo. Asiyeona nyama wala maharagwe hukosa salfa, kwa hiyo tiosianati inaweza kubaki chini wakati sumu ni nyingi. Sigara huipandisha bila muhogo wowote. Figo mbovu pia.

Kwenye labo: mililita 5 ndani ya tubu kavu, nusu saa igande, izungushwe kwenye mashine ya sentrifuji dakika 10, seramu (maji ya juu ya damu) itengwe. Protini hushushwa kwa asidi ya trikloroasetiki, huongezwa nitrati ya chuma, na wekundu unaotokea husomwa kwenye spektrofotometa (kifaa cha kupima ukali wa rangi), nanomita 460. Usomwe papo hapo. Mwanga huufifisha, na tubu iliyosahauliwa dirishani hutoa namba ya chini. Seramu ikiwa ya waridi, chembe nyekundu za damu zimepasuka: ichotwe upya.

Ili kuondoa magonjwa mengine yanayofanana, sampuli hiyohiyo ipimwe HTLV-1 (kirusi kinachoweza kukakamaza miguu), VVU, kaswende na vitamini B12. HTLV-1 ndiyo inayofanana zaidi na konzo, ila yenyewe huja polepole, na mara nyingi kwa watu wazima.

Waliokula sahani moja na mtoto wapimwe tiosianati ya mkojo, ni rahisi zaidi. Sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa na kuchemshwa sana msiilaumu. Ulizeni kwanza muhogo wa unga ule ulilowekwa siku ngapi. Chini ya tatu, unga huo uwekwe kando leo.