A-10 kwenye mchezo wa video wa War Thunder: anza na kombora la Maverick

Mkuu, umeuliza kwa nini A-10 yako, ndege ya kushambulia vifaru, inatunguliwa kabla hujapiga hata kifaru kimoja. Unakimbilia mzinga mapema mno. Najua GAU-8, huo mzinga wake, ina raha yake, milimita 30 na mitutu 7, lakini inakulazimu usogee karibu, na ndege hii ni ya polepole, haiwezi kukimbia ikishaonekana. Tangulia na Maverick ukiwa mbali: ukishafunga shabaha (yaani kombora limeishika) na kuliachia, kombora linajiongoza lenyewe, wewe geuka haraka ujifiche nyuma ya kilima. Mzinga usubiri mpaka magari ya kutungua ndege yaishe. Hapo piga ubavuni au nyuma, kwa mikupuo mifupi. Deraya ya mbele ya vifaru vya kisasa haitoboki.