Masika na Kiangazi Katika Insha Moja: Maswali Yenu

Shikamoo mwalimu. Nimepewa insha ya kulinganisha masika na kiangazi. Nimalize masika kwanza, ndipo niingie kiangazi? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Tanga)

Marahaba. Ukifanya hivyo utakuwa na insha mbili zilizogandishwa pamoja, na kazi ya kulinganisha utakuwa umemwachia msahihishaji. Chagua mambo matatu tu, tuseme njia, shamba na maji ya nyumbani. Kila jambo lipe aya yake, misimu yote miwili ikutane humo. Kwa mfano: "Masika barabara ya kwetu hugeuka tope. Daladala huishia kituo cha juu, nasi humalizia kwa miguu, viatu mkononi. Kiangazi daladala hiyohiyo hufika hadi mlangoni, ila vumbi lake hutuingilia mpaka kwenye chai." Umeona? Hakuna "ilhali" wala "kinyume chake", na tofauti imeonekana. Maneno hayo si mabaya, lakini yakijaa kila sentensi insha hunuka kamusi.

Kulinganisha na kulinganua ni kitu kimoja?

Kulinganua ni kutoa tofauti. Kulinganisha, darasani, mara nyingi hubeba tofauti na mfanano, kwa hiyo usiache kutaja walau jambo moja linalofanana.

Kitabu kinasema vuli ni Oktoba hadi Desemba. Sisi Dodoma hatuioni. Niandike nini?

Kitabu hakijakosea: kinasema habari za pwani na kaskazini mashariki, ambako masika nayo huja Machi hadi Mei. Kwenu mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu. Andika huo. Mbuyu wenye majani Februari, na mbuyu uleule mtupu Agosti, ni aya nzima hiyo.

Mimi ni wa Unguja. Naweza kulinganisha kaskazi na kusi?

Tena ningefurahi! Ni pepo, lakini pwani ndiyo misimu yenyewe. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na joto lake. Ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Kusi ikichacha, bahari huchafuka na ngalawa nyingi hubaki pwani. Muulize mvuvi yeyote mtaani kwenu bei ya samaki siku hizo.

Mwanangu kaandika "theluji ilianguka kijijini kwetu". Nimwambieje?

Mwulize aliikanyaga wapi.